Kibali Ndani ya Ngoma

Ukifika Milepa utamwona Mboje akifanya kazi zake kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umekunjamana kama mguu wa kuku. Usimcheke. Siku ulipoharibika nilikuwepo, nikipita zangu.

Mboje ni mfugaji wa Kisukuma, na ana kundi lake la ngoma. Mwaka jana alimwalika Obed, mpiga ngoma wa Mbala, kule Zambia, aje awafundishe vijana midundo ya kwao. Mboje alipanda na kushuka ofisi za Sumbawanga mjini miezi miwili mpaka Obed akapata kibali cha muda cha kazi.

"Atembee nacho," afisa uhamiaji alimwambia. "Akikutwa bila hiki anarudishwa kwao, na wewe mdhamini wake tutakutafuta."

Obed aliogopa mvua. Akakifunga kwenye nailoni, akakitundika ndani ya ngoma yake.

Wasukuma wakishindana, makundi mawili hucheza pamoja uwanja mmoja, na watu hukimbilia wanakovutiwa. Siku ile mpinzani alikuwa Cleophas na kundi lake. Obed alipoanza kupiga, watu wote walihama. Cleophas akabaki na bibi mmoja.

"Na huyo bibi hasikii!" mtu akapaza sauti. Tukacheka. Heri tusingecheka.

Cleophas alivuka uwanja, akatega sikio. Nailoni ilikuwa inachakacha ndani ya ngoma.

"Mnasikia? Dawa ya mvuto hiyo!"

"Kaka, ni karatasi ya serikali," Obed akasema.

"Serikali gani inakaa kwenye ngoma?"

Rungu likampata Obed mdomoni, meno mawili yakaruka. Alipoanguka, wenzake Cleophas wakamshukia kwa fimbo za kuchungia. Nilisikia bega lake la kulia likivunjika, ko! Cleophas akaipasua ngoma kwa shoka, akachana nailoni, akauona muhuri mwekundu.

"Wamepaka hata damu!"

Akakitupa kibali kwenye moto wa kukazia ngozi za ngoma.

Mboje alikuwa chini, watu watatu juu yake. Alimng'ata mmoja sikio mpaka kipande kikatoka, akatambaa, akatumbukiza mkono katikati ya makaa. Wakamchapa mgongoni, shati likalowa damu. Ngozi ya mkono ikawa inatoa moshi.

"Toa mkono, mwanangu!" nikalia.

"Bado, Mzee!"

Akautoa umefumbwa. Wakamkanyaga mkono huohuo afumbue, wakamkanyaga tena. Hakufumbua mpaka polisi walipofika na kumfunga Cleophas pingu.

Mjini, afisa yuleyule alivifungua vidole vya Mboje kimoja kimoja, naye machozi yakimtoka, maana ngozi ilikuwa imegandana na karatasi. Jina lilikuwa limeungua, picha pia. Namba ilikuwepo. Akaiandika kwenye kompyuta.

"Ni yeye," akasema. "Ana siku kumi na tisa bado."

Obed, mdomo umevimba, akamgeukia Mboje. "Kaka, nimebaki na mkono wa kushoto."

"Mimi ninao wa kulia. Si tumepata mpigaji mzima?"

Siku ya mwisho ya kibali niliwakuta Milepa, wamekaa bega kwa bega nyuma ya ngoma ya kuazima, kila mmoja na mkono wake. Mdundo ulikuwa unayumba kidogo. Watu walikuwa wamejaa, na bibi yule amekaa mbele kabisa, ameweka kiganja kwenye ubavu wa ngoma.