Kamera ya Kwenye Dari

Mama alipakia sufuria. Naomba hilo lieleweke kwanza. Tulikuwa tunatoka Birmingham kwenda Gdańsk, mji wa zamani wa Poland ulio kando ya bahari, kwa siku tatu tu, na begi langu zima likajazwa sufuria mbili za aluminiamu, mwiko, mchele, unga wa nazi na kopo la chooni. Nguo zangu zilitumika kuzuia vifuniko visigongane.

"Hoteli yenyewe ni ya apatimenti, ina jiko lake," Mama alisema huku akisukuma mwiko ndani ya soksi zangu. "Ndiyo maana nimeichagua. Kaka yako haendi kukabiliana na maprofesa akiwa na tumbo la mkate."

Safari ilikuwa ya kaka. Vyuo vya udaktari vya Uingereza alivyoomba vilimkataa vyote, barua baada ya barua, mpaka mtu wa posta hapa mtaani kwetu Handsworth akawa anatutazama kama wafiwa. Ndipo mwalimu wake akamwambia kwamba Gdańsk wanafundisha udaktari kwa Kiingereza. Akaomba, wakamwita kwenye usaili, Jumatano saa nne asubuhi. Wakimkataa na hao, basi. Alishasema hatajaribu tena, na kaka yangu si mtu wa kusema kitu kwa mbwembwe. Baba alibaki kwa sababu anaendesha basi na likizo yake ilikuwa imekwisha. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa Mama anaamini nikiachwa peke yangu siku tatu, nyumba itahama.

Jengo la hoteli lilikuwa jipya, la vioo, limebanwa katikati ya nyumba nyembamba ndefu zenye rangi za peremende. Watalii walikuwa wanazipiga picha nyumba hizo. Letu hakuna aliyelipiga. Mapokezi hakukuwa na mtu, ni kibao tu cha kubonyezea namba ya siri yenye tarakimu nane. Mama alibonyeza, akapiga hodi, akabonyeza tena. Ndani, taa hazikuwa na swichi. Unagusa ukuta na kuomba Mungu. Bafu lilikuwa na ukuta wa kioo. Niambieni, ni nani aliyekaa akafikiri, "Hawa watu watapenda kumwona mwenzao akipiga mswaki"? Mama hakufikiri mara mbili, akatundika kanga.

Halafu jiko. Lilikuwa kioo cheusi kilicholala juu ya kaunta, halina moto, halina koili. Mama akateleka mchele, mimi nikagusa alama. Jiko likalia mara moja, likaandika kitu chekundu, likazima. Tukajaribu tena. Likazima tena, safari hii kwa dharau. Kaka akasoma kijitabu akatuambia jiko hilo linakubali sufuria za chuma tu, zile zinazoshika sumaku.

"Kabatini zimo sufuria zao," nikasema. "Nzuri, zinang'aa."

"Unajua zimepikia nini?"

"Mama, zimeoshwa!"

"Nguruwe haoshwi, anahamishwa."

Kwa hiyo sufuria zinazofanya kazi zilikuwapo, mchele ulikuwapo, mpishi alikuwapo, na sisi tukala mkate na samaki wa kopo. Kaka alikula, akaingia chumbani kusoma, vidole masikioni. Mimi nilijilaza kwenye kochi nikiwa na njaa na hasira, na hapo ndipo Mama akaangalia juu.

"Na kile nini?"

Kwenye dari kulikuwa na kidude cheupe cha duara, chenye taa nyekundu inayokonyeza. Ni kifaa cha kunusa moshi. Shuleni kwetu vipo kila darasa. Nyumbani Baba alikibandua chetu siku tuliyohamia, na Mama hajawahi kukitia machoni.

"Kamera," nikasema.

"Kamera ya nini?"

"Wenye hoteli wanatuangalia, tusiharibu vitu vyao."

Mama akauvuta mtandio kichwani papo hapo. Nilikusudia kumwambia ukweli baada ya dakika tano, wallahi. Lakini alianza kukaa wima. Alianza kufuta makombo kwa adabu, kisha akainua uso akaieleza dari kwa Kiswahili kwamba kanga za bafuni zitaondolewa tukiondoka, wasiwe na wasiwasi. Nani angekatisha kitu kama hicho?

Asubuhi niliamshwa na Mama akinong'ona. Kwetu mtu akiwa na jambo kubwa, nguo zake hufukizwa udi. Mtu haendi kuposa, kuswali Idi wala kuomba chochote kwa wakubwa akiwa ananuka begi. Mama alikuja na chetezo chake kidogo cha udongo, makaa, na udi aliotumiwa kutoka Zanzibar, na mkononi alikuwa na suti ya kaka. Kaka mwenyewe alikuwa anaoga nyuma ya kanga.

"Siwezi kufukiza suruali ya mwanamme mbele ya kamera," alisema. "Watadhani nafanya uchawi. Natoka nje, kwenye ujia."

Nilikuwa na muda wa kusema. Mlango ulichukua muda mrefu kufunguka, hata mlango wenyewe ulinipa nafasi. Mimi nilikuwa nimeuma mto, nacheka.

King'ora cha apatimenti kingelia kwetu tu, ungepunga gazeti kikanyamaza. Cha ujiani, moshi wa udi ulipokifikia, kililiamsha jengo zima. Sauti ya mwanamke ikatangaza jambo kwa Kipolandi, kisha kwa Kiingereza: wote tokeni, msitumie lifti. Kaka akatoka bafuni na kikoi, povu masikioni, ndara miguuni. Mlango ukajifunga nyuma yetu. Tukashuka ghorofa sita pamoja na Wajerumani waliovaa nguo za kulalia, Mama mbele, chetezo mkono wa kulia kikifuka kama garimoshi, suti mkono wa kushoto.

"Mama, weka chini hicho!" kaka akapiga kelele.

"Niweke wapi? Patashika moto!"

Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Tulimvalisha kaka suti pale pale njiani, nyuma ya kanga ya Mama. Ncha moja nilishika mimi, ya pili aliishika bibi mmoja wa Kipolandi mwenye mbwa, ambaye hakuuliza lolote. Lakini viatu vilikuwa juu, na pamoja navyo vyeti vyote halisi, na barua ilisema bila vyeti halisi mtu asije. Zimamoto wakaja, wakakagua ghorofa moja moja kwa utulivu wa watu wanaolipwa kwa saa. Kaka alikuwa anaangalia saa ya mnara. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Walituruhusu kuingia ikiwa saa nne kamili. Tulifika chuoni saa nne na nusu. Karani akakagua orodha, akasema jina lake limeshapita. Asubiri mpaka wa mwisho, huenda wakamwona, huenda wasimwone.

Tukakaa kwenye benchi. Saa tano. Saa sita. Vijana wengine wakaingia na kutoka, viatu vinang'aa, matumbo yamejaa. Kaka alisogea dirishani akasimama peke yake. Mama alikuwa anavuta tasbihi, midomo inacheza, na mara moja nikamsikia anasema, "Mimi ndiye niliyemharibia."

Nikasogea karibu naye.

"Mama," nikasema. "Ile haikuwa kamera."

Nikamweleza. Sikupamba. Aliendelea kuvuta tasbihi mpaka ikamalizika, akaikunja kiganjani.

"Uliniona natoka?"

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nacheka."

Akageukia dirisha alikosimama kaka, akaikunjua tena tasbihi.

Saa nane wakamwita. Alikaa humo muda mrefu kuliko wengine wote, au labda saa ya ukutani ilitoka kiwanda kimoja na jiko la hoteli. Alipotoka tai yake ilikuwa imelegea. Akasema barua itakuja baadaye, lakini mzee mmoja wa jopo alimpa mkono na kumwambia aanze kujifunza Kipolandi, kwa sababu wagonjwa wa Septemba hawatamsubiri.

Mama akalia, akamfuta kaka uso kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa analia. Nikadhani yamekwisha. Kaka akakaa, akavuta pumzi, na hasira ya siku nzima ikapata njia.

"Lakini udi, Mama! Udi! Kwenye ujia wa hoteli! Ningekosa kila kitu, unajua?"

"Nimekosa, baba," Mama alisema. "Ujinga wangu. Nisamehe."

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Chini ya koti, mkono wa Mama ukalikuta paja langu, ukalifinya na kulizungusha, mpaka nikafunga mdomo.