Kuuza Mtindi Bila Mirija

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno, duka bado limefungwa, nikajibana nyuma ya nguzo ya umeme ili bodaboda wasinione. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne wiki tatu nyuma. Duka lenyewe ni la vinywaji, liko Somanda kwenye njia ya kwenda hospitali: soda, juisi ya kukamua na mtindi. Mwenye Duka alipofika nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akaniangalia juu mpaka chini, kisha akasema ataniweka nyuma kwanza. Nilifurahi sana. Nyuma ndiko nilikotaka.

Naandika haya kwa ajili yako utakayevaa aproni hii baada yangu, maana mimi hakuna aliyeniandikia.

Kazi ya nyuma ni glasi. Aliyenifundisha ni Kaka Masanja, msimamizi wetu na mkamuaji wa juisi. Glasi hupita maji matatu: ya sabuni, ya kusuuza na ya moto. Ukishamaliza unainusa. Ikiwa na shombo, yaani ile harufu ya yai bichi, unarudia mwanzo. Kaka Masanja alikuwa akinusa moja moja mbele yangu, na kila akirudisha moja kwenye beseni nilikuwa natamani ardhi ipasuke.

Baada ya mwezi nikahamishiwa kwenye friji, ambako chupa za zamani hukaa mbele na mpya nyuma. Baadaye dada wa kaunta akaolewa, akaenda zake Lamadi, nami nikasogezwa mbele bila kuulizwa.

Kaunta ina adabu yake. Soda haifunguliwi mbali na macho ya mteja. Unaiweka ikiwa na kizibo, unasubiri akuangalie, ndipo unafungua, halafu unakirudisha kizibo juu kama kofia. Ukimletea iliyokwisha kufunguliwa, hata mwenye kiu ya kufa ataisukuma. Kisha unafuta mdomo wa chupa kwa karatasi laini na kuweka mrija. Mimi nilikuwa naupenda ule mrija. Ukishautumbukiza umeshasema karibu, huna haja ya kuongeza neno.

Kisha mvua kubwa ikanyesha na mtaro ulio mbele ya duka ukaziba. Maji yakaingia mpaka chini ya friji. Mwenye Duka alivua viatu, akachukua fimbo na kuanza kuchokoa. Kilichotoka kilikuwa mirija, mafungu kwa mafungu, yenye mistari myekundu, na mjini hapa hakuna mwingine anayeuza ile ya mistari. Alikuwa anaiagiza Mwanza mwenyewe. Majirani walikuwa wamesimama wanamtazama. Hakumlaumu mtu. Jioni alitwambia kuanzia kesho mirija ya plastiki basi. Kaka Masanja akanivuta pembeni akanionya nisianze huruma, maana nikimpa mmoja nimewapa wote.

Nilikuwa mtu wa kusema maneno kumi kwa siku. Sasa ikanibidi niseme "mrija hakuna, tumeacha" kwa kila mteja.

Bodaboda waliuliza kama sasa wanywe kama ng'ombe kwenye lambo. Mmoja akaja na bua la jani la mpapai, akalichomeka kwenye soda yake na kunyonya kwa madaha mbele ya wenzake. Uchungu ulipomfika akatema mpaka kwenye siti ya pikipiki, na wenzake hawakumwacha wiki nzima. Dada mmoja mwenye rangi ya mdomo aliniambia panya wa stoo wanatembea juu ya chupa, hivyo anywe na mkojo wao? Nikamwonyesha ninavyofuta. Akaondoka bila kunywa. Mzee mmoja wa Lingeka alitaka kujua glasi ile imegusa midomo ya nani, kwa sababu alikotoka mate ya mtu yanaweza kuchukuliwa yakatumiwa kumfanyia mabaya. Sikujua kitabu cha biolojia kinamjibuje. Kesho yake alikuja na kikombe chake cha bati amekifunga kiunoni kwa kamba, na kabla ya wiki kwisha wateja wengine watatu walikuwa na vikombe vyao. Mwenye Duka akawapigilia misumari ukutani wavitundike.

Wapo waliosema tumefanya vizuri, ila hao walikuwa wachache na walikuwa wanasema polepole.

Siku niliyokosea ilikuwa Alhamisi. Alikuja mama mmoja wa Ngulyati, khanga imelowa jasho, akaomba kikombe cha mtindi na mrija. Nikasema sentensi yangu. Wakati huo nilikuwa nimeshaizoea, hata nikajisikia vizuri kwamba siitetemekei.

"Hata mmoja?" akauliza.

"Hata mmoja, mama."

Macho yake yakaenda kwenye rafu nyuma yangu, ambako pakiti ya mirija iliyobaki ilikuwa inaonekana wazi. Hakubishana. Aliuacha mtindi juu ya kaunta akatoka. Bodaboda aliyekuwa anasubiri soda ndiye aliyeniambia: yule anauguza mkwe wake, baba wa mumewe, kiharusi kimemlegeza upande mmoja.

Hapo nikaelewa. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe akiwa anakula, sembuse kumlisha kwa mkono. Na mzee hawezi kufungua mdomo mbele ya mke wa mwanawe kama mtoto. Kwa mrija mama angeshika kikombe huku amegeuza uso, mzee akanywa mwenyewe, heshima ya wote wawili ikabaki. Nisingeweza kumtaka yule mama anieleze hayo mbele ya watu. Ningepaswa kumuuliza mimi, kwa sauti ya chini.

Nilitaka kumkimbilia. Sikukimbia. Nilisimama pale mpaka mtindi ukapata moto, na niliona aibu kuliko siku zote za glasi.

Asubuhi yake nilimsubiri Mwenye Duka mlangoni, nikamweleza yote haraka kabla sijaogopa. Nilidhani atanirudisha nyuma, au nyumbani kabisa. Alinisikiliza funguo zikiwa mkononi.

"Mirija nilisema tuache," akasema. "Nani alisema tuwaache wagonjwa?"

Kaka Masanja akajifanya anatafuta kisu. Mwenye Duka akaishusha ile pakiti, akaimimina kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, na kunipa mirija miwili na kikombe cha mtindi chenye mfuniko. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika nikaenda hospitali.

Kitanda nilichoelekezwa kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa. Muuguzi akaninyooshea kidole dirishani: mzee alikuwa nje, ameketi juani, yule mama yuko hatua nne kutoka kwake, amempa mgongo, na kati yao bakuli la uji halijaguswa. Nilimkabidhi mama kikombe nikasema naomba radhi kwa jana. Akachukua, akaweka mrija, akamsogelea mzee, akakishika kwa mkono ulionyooka huku anaangalia uzio. Mzee akauinamia mrija. Kisha nikasikia ule mkoromo wa mtindi ukiisha chini ya kikombe.

"Wabeja," mzee akashukuru kwa nusu ya mdomo. Nililia njiani nikirudi, lakini kilikuwa kilio cha kutua mzigo.

Kopo liko chini ya kaunta, upande wa kushoto. Bodaboda wote watakwambia wanaumwa. Waangalie tu usoni. Ukiona mtu anauliza halafu anatazama pembeni, mwinamie umuulize kama ana mgonjwa. Mtaro siku hizi hauzibi, na wateja wengi waliokasirika walirudi, ila yule dada wa rangi ya mdomo sijamwona tena.

Nimechaguliwa kidato cha tano, kwa hiyo nastaafu. Jana, siku yangu ya mwisho, yule mama wa Ngulyati alikuja. Alifungua pindo la khanga akatoa mrija wa mistari myekundu, umeoshwa mpaka mistari imefifia, akauweka juu ya kaunta.

"Nimeurudisha. Hauhitaji tena."

Sikuthubutu kuuliza. Nadhani aliona uso wangu ulivyogeuka, maana aliinama juu ya kaunta akanong'ona, kama mimi ninavyofanya.

"Anakunywa kwa kikombe. Nusu inamwagikia shati, lakini anakishika mwenyewe."

Nikampimia mtindi, nikauweka mbele yake bila mrija. Akaunywa palepale amesimama, kichwa amekiinua juu.