Mtoto wa Langoni

Rafiki yangu, majuzi nilikutana na kitabu cha utoto wangu kwenye simu. Jalada lilikuwa lilelile, kofia ya chuma yenye kioo kilichopasuka na nyuma yake sayari nyekundu, na chini yake wasomaji wa huko duniani walikuwa wametoa maoni. Wengi walikipa nyota mbili. Mmoja aliandika kwamba mchezo wa video ambao hadithi hiyo ilitokana nao unavutia zaidi. Mwingine alilalamika kuwa silaha zimeelezwa ovyo. Nilikasirika kana kwamba wamemsema vibaya mtu wa nyumbani.

Sisi kule Rulenge huo mchezo hatukuujua, na umeme wenyewe ulikuwa haujafika kwetu. Kitabu kilikuja kwenye boksi la vitabu vya msaada lililoletwa shuleni, kwa Kiingereza. Mwalimu wetu, aliyekuwa amepanga chumba kwa bibi yangu, akawa anatusomea kila Jumamosi alasiri huku akitafsiri papo hapo. Tulikaa barazani tukichambua maharage. Mpaka leo nikisikia maharage yakimwagwa kwenye ungo naisikia sauti yake, na pua inatafuta harufu ya viazi vitamu vinavyochemka chini ya majani ya mgomba.

Hadithi ilihusu watu waliokimbia dunia yao iliyoungua. Walikipanda chombo cha angani wakisukumana, lango likafungwa, na mama mmoja akagundua kwamba mkono alioushika haukuwa wa mwanawe. Huko walikofika waliishi kwenye mahema, wakapanga foleni ya maji na foleni ya unga. Unadhani kuna aliyeona kuwa ni mambo ya kubuni? Watu wazima wa kwetu walikuwa wameiona nchi nzima ikivuka daraja la mpakani na kujaa kambi ya wakimbizi ya Benaco. Bibi alikata shauri mapema kwamba mwandishi alipita Benaco, ameficha majina tu.

“Ila foleni hajapanga huyo,” alisema. “Foleni ya maji isiyo na ugomvi aliiona wapi?”

Mwalimu alijaribu kumweleza kuwa yote yametokana na mchezo wa kompyuta. Bibi alimtazama kwa ukali. “Watu wanakufa hivyo, halafu wewe unaniambia mchezo?” Hilo halikutajwa tena barazani petu.

Jirani yetu hakuwa na maoni mengi. Yeye alivuka daraja lile na mwanawe, akampoteza kwenye msongamano. Wenzake waliporudi kwao alibaki, akiishi kwa vibarua vya shamba, maana alisema mtoto akija atamtafutia upande huu. Kila alipokula alibakiza kiazi kimoja na kukifunika kwa kibakuli. Sisi watoto, pamoja na ulafi wetu wote, tulijua hicho hakiguswi. Na kila Jumamosi aliuliza jambo moja.

“Mwalimu, yule mwana wa langoni wamemwona?”

“Bado, mama. Tuendelee.”

Siku ya sura ya mwisho alikuja mapema, amevaa kitenge chake cha kwendea kanisani. Mwalimu alisoma, akasoma, kisha akaukodolea macho ukurasa. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka. Lango lilifunguliwa, alisema, na mtoto alikuwa amekaa upande wa pili, amekonda na kurefuka, lakini alimtambua mama yake kwa namna alivyofunga kitambaa kichwani. Nilikuwa nimekaa karibu na mwalimu. Alizungumza muda mrefu bila kufunua ukurasa mwingine, nami nikadhani kutafsiri ndiko kulivyo.

Jirani aliweka ungo chini. “Ego,” alisema, kama watu wa kwetu wanavyokubali jambo. “Huyu aliyeandika anajua.” Kisha alilia, na bibi akalia naye, na maharage ya siku ile hayakuisha.

Sasa, kwenye yale maoni ya simuni, msomaji mmoja ameandika kwamba hatamsamehe mwandishi. Lango linafunguliwa, anasema, na nyuma yake hakuna mtu. Niliweka simu chini nikashindwa kula.

Sijui kama mwalimu alimtendea mema yule mama. Nimelifikiria hilo siku zote hizi na bado sijui. Jirani aliendelea kubakiza kiazi mpaka maradhi yalipomlaza, na tulipotoka kumzika, bibi alikikuta kibakuli chake kimefunikwa vilevile. Bibi naye hayupo sasa. Mwalimu alihamishiwa Biharamulo zamani, sijui kama yu hai. Baraza lile limevunjwa, imejengwa nyumba nzuri ya bati, na Jumamosi kila mtu hukaa chumbani kwake na simu yake, hata mimi niendapo.

Jana nilikipa kile kitabu nyota tano. Kwenye nafasi ya maoni niliandika kwa Kiswahili, atakayeelewa na aelewe: mtoto alipatikana, na mama yake alikuwepo akasikia.