Nilipaka vifaranga rangi ya zambarau, mwewe wa Raila akafurahi sana

Niaje wakuu.

Hii nitaisema vile ilikuwa. Sijaongeza chumvi, hata ya nyumbani huwa nainunua kwa kubargain.

Naishi Raila Village, Kibera. Mwezi wa saba nilimwahidi mama mkwe kuku wanne wa kienyeji, wote majike, tukienda Kitui Christmas. Niliahidi kwa simu, loudspeaker ikiwa on, shangazi wote wa bibi yangu wakisikiza. Harusi yangu haikuwa na mashahidi wengi hivyo.

Kununua kuku wanne wakubwa mwezi wa December? Zii. Nikaamua kulea.

Nikaenda Kawangware 46 kwa mzee mmoja mwenye ploti, anafuga nyuma ya nyumba zake za kupangisha. Nikaona kuku na vifaranga wake wamejibanza chini ya mkokoteni mbovu. Uwanja wote uko wazi, jua tamu, yeye hatoki.

Hapo ndipo nikapata pa kuanzia bei.

"Mzee, kuku yako ni mwoga. Nitafuga mwoga wa nini?"

Mzee hakuniangalia hata. "Mwoga? Uliza wale mashujaa wako wapi."

Nikadhani ni mdomo wa biashara. Akapunguza, nikalipa. Mama na vifaranga kumi na mmoja. Niliwahesabu wakiingia kwa carton, nikawahesabu tena wakiwa ndani, juu mzee alikuwa na mkono mwepesi.

Sasa, kama hujakaa Kibera, mwewe wetu si yule wa kitabu. Yule wa kitabu anatafuta panya shambani. Wetu anajua saa ya chips, anajua butcher anafungua lini, na anaweza kukunyang'anya samosa mkononi bila kukugusa kidole. Amezoea Nairobi kuliko mimi.

Siku mbili za kwanza akachukua wawili. Tisa.

Bibi yangu, Mama Mwende, husuka vyondo, na alikuwa amebaki na rangi ya zambarau ya kupaka sisal. Wengi mnaijua hiyo dawa: unapaka kifaranga rangi, mwewe anachanganyikiwa, anaona si chakula. Nikapaka wote tisa. Mikono yangu ikabaki zambarau wiki nzima. Mimi huuza mitumba, na kila customer alikuwa anauliza kama nguo zangu zinachuja. Hiyo wiki nilipunguza bei kuliko mwaka mzima.

Siku tatu mwewe akazunguka juu, akaangalia, akaenda. Nikaanza kushauri majirani.

Siku ya nne nikaelewa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anasoma.

Wakuu, fikirieni. Matope ya Raila ni brown. Mabati yameshika kutu, brown. Na vifaranga walizaliwa brown na madoa, bure, bila mimi kununua kitu. Halafu nikawapaka rangi inaonekana kutoka Riruta. Nilikuwa nimewekea mwewe signboard.

Siku mbili, watatu wakaenda. Sita.

Na si hiyo tu. Kila asubuhi yule kuku alikuwa anatoka na watoto wake anaenda kwa meza ya Mama Akinyi, jirani anayekaanga samaki. Kila asubuhi nilikuwa namrudisha, juu najua Kibera hakuna meza ya bure. Nikamjengea kauwanja mlangoni kwangu, kasafi, kako wazi juu ndiyo wapate jua. Wale watatu walichukuliwa hapo hapo.

Jumamosi nikakaa kuwalinda mwenyewe. Nikahesabu sita. Tena, sita. Nikaingia kuchukua chai, nikatoka: sufuri.

Nikaanza kutunga vile nitaambia Kitui.

Nikawapata chini ya meza ya Mama Akinyi, wote sita, wanakula mabaki ya matumbo ya samaki. Juu ya meza ilikuwa vita. Mwewe anashuka kwa samaki, Mama Akinyi anamtishia na fimbo ndefu imefungwa mifuko ya plastiki, anamtusi mpaka ukoo. Mwewe macho yote kwa tilapia. Na hata angetaka, chini ya meza mabawa hayafunguki.

Kuku yangu alikuwa ameajiri askari.

Nikaanza kupanga bei ya kodi kichwani. Mama Akinyi akanicheka.

"Jirani, huyu mama huripoti kazi kabla yangu. Ananisafishia hapa chini, nzi zimepungua. Wewe ndiyo unamsumbua. Na hiyo rangi, ulikuwa unamfanyia birthday?"

Nimejiandaa kubargain, nakosa mtu wa kubargain naye. Mara ya kwanza maishani.

Nikaacha kusaidia. Rangi ikaisha manyoya yalipobadilika. Mmoja alikanyagwa na mkokoteni, wakabaki watano. Mmoja akawa jogoo, tukamla. Majike, bila mama yao: wanne. Nilihesabu mara mbili, hata mguu kwa mguu. Nane.

Tukafika Kitui. Uwanja wa mama mkwe ni mpana, umefagiwa, shangazi wote wamekaa. Nikafungua carton kama mtu anazindua barabara.

Wote wanne wakakimbia chini ya meza ya chai.

Shangazi wakavunjika mbavu. Mama mkwe akaniangalia. "Baba Mwende, umeniletea waoga?"

Nikamwambia, "Mama, uliza wale mashujaa wako wapi."

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa ametuambia kwa simu kuku yake ametotoa vifaranga wanane, amebaki na mmoja. Akaangalia juu. Kisha akainama, akaanza kuhesabu wangu. Alipomaliza, akarudia.

Nikajua hapa tumeelewana.

Nilichojifunza: kile nilitumia kushusha bei ndicho kilikuwa cha bei. Siku hizi kabla niite mnyama mjinga, naangalia kwanza ni nani hajaliwa.

Wale mna paka, mbuzi au bata wa mtaa aliyewashinda akili, leteni hapa chini. Na kama rangi ilikufanyia kazi, sibishi, lakini weka idadi ya kabla na ya baada. Nitahesabu.