Kahawa Iliyodondoka Ukweni

Mtoto anayelia ana pumzi. Nianze na hilo, maana najijua, nikianza na mengine nitapotea njiani. Mtoto anayelia usimwogope. Anayefungua kinywa na sauti isitoke, huyo ndiye wa kumkimbilia. Shule nilisoma madarasa mawili tu, na la pili nililiacha katikati kwa sababu ng'ombe wa baba walikosa mchungaji, lakini hilo moja nalijua kuliko walimu wengi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nyumbani kwangu Kanazi. Nilikuwa na mke, mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa ameanza kutambaa, na kibanja cha migomba na mibuni ambacho nilijivunia kupita kiasi. Siku hiyo mke wangu alikwenda rweya, kule uwandani, kukata nyasi za kutandika ndani. Nyumba ya Mhaya isiyo na nyasi mpya chini, wageni wakitoka wanamsema mwanamke.

Akaniambia, "Mwangalie mtoto."

Nikamwangalia. Kweli nilimwangalia, mpaka jirani alipopita na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tukakaa mlangoni. Yule jirani alikuwa na maneno matamu, aliwahi kumsimulia mtu habari za mbuzi wake hadi mtu akasahau anakwenda msibani. Nyuma yetu kulikuwa na chungu cha maharage. Nilikiepua mwenyewe, nikakiweka chini kipoe, nikakifunika kwa jani la mgomba. Mtoto akalivuta lile jani.

Ulioungua ulikuwa mkono wa kushoto, kuanzia kiganja hadi kiwiko. Nikafanya alivyokuwa akifanya baba yangu: nikapaka samli, na juu ya samli nikanyunyiza majivu. Mke wangu aliporudi alitupa mzigo wa nyasi njiani, tukampeleka mtoto zahanati. Dresa, mfunga vidonda wa pale, alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Nani kamkaanga mtoto huyu?" akauliza. "Mtu akiungua ni maji. Maji baridi ya mtungini, mengi, papo hapo, umwagie mpaka uchoke. Samli ni ya kula."

Kisha akaanza kuyaosha yale majivu yangu. Kilio cha mtoto wakati ule kilizidi kilio cha kuungua, na mke wangu alikisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama. Mkono ulipokauka alifunga nguo zake akaenda kwao Ijumbi, upande wa Muleba, mtoto mgongoni. Mlangoni alisema neno moja tu: "Siku utakapojua kwamba nyumba hii ina moto, uje."

Nilivumilia nusu mwezi, na kupika nilikuwa sijui. Nikamfuata mshenga wangu, mzee aliyenisemea nilipooa, tukapanda lori la kahawa. Njia nzima alikuwa akinifundisha.

"Wewe usiseme kitu," aliniambia. "Kazi yako ni kukaa na kuonekana una huzuni."

"Nina huzuni kweli, mzee."

"Basi kazi imekuwa nyepesi."

Sasa lazima nieleze mambo ya ukweni, maana vijana wa siku hizi wanakula meza moja na mama mkwe wakipokezana chumvi. Kwetu zamani mwanamume hakutazamana na mama mkwe wake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Nilikuwa nimeoa mwaka wa tatu na sikuujua uso wa mama yule. Nilikuwa naijua sauti yake tu, kutoka nyuma ya kiambaza cha matete.

Tukaketi. Nyasi zilikuwa mpya, nene, zinanukia. Baba mkwe akaleta kikapu kidogo cha kahawa, zile za kutafuna zinazochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa na maganda yake. Mgeni wa Mhaya asipopewa kahawa hajakaribishwa. Nikachota tatu, macho yako kwenye kiambaza, namtafuta mke wangu. Mbili zikabaki kiganjani, moja ikadondoka, ikazama katika nyasi. Je, niiname nipapase chini mbele ya baba mkwe, kama kuku? Niliona aibu. Nikaiacha.

Mshenga akaanza maneno yake. Katikati ya maneno mtoto akatokea nyuma ya kiambaza, anatambaa, kovu la mkono linang'aa. Akaja hadi gotini kwangu akakaa, anachezea nyasi. Nikasahau huzuni niliyoagizwa, nikatabasamu.

Baba mkwe akamnyooshea kidole. "Mkono huo mnauona? Mkwe, kwenu Kanazi maharage mnayaunga kwa watoto?"

"Baba," mshenga akasema, "moto hauna ukoo. Unaunguza popote."

"Moto hauna. Mwenye kuuachia ana ukoo, na yuko hapa anakula kahawa yangu."

Mke wangu akaja ameinama, akamchukua mtoto, akamrudisha kwa mama mkwe huko nyuma. Hakunitazama. Mshenga akaendelea, na sikumbuki alisema nini, maana nilisikia mtoto akikohoa. Akakohoa mara mbili, kisha kimya.

Mshenga alikuwa bado anasema. Nikasubiri mtoto alie, hakulia. Sauti ya mama mkwe ikasema, "Mpe maji. Mpe upesi." Na ya mke wangu, "Mama, hamezi."

Nikasimama. Mshenga akadaka kanzu yangu begani. "Kaa. Mama mkwe yuko huko." Nikaenda, na kipande cha kanzu kikabaki mkononi mwake.

Niseme nilichokijua na nilikojulia. Nilipokuwa mchungaji, ndama akizaliwa na makamasi kooni, hapumui, wanaume wawili tunamwinua miguu ya nyuma, kichwa chini, tunampiga mbavuni kwa kiganja mpaka yatoke. Nimeokoa ndama wengi hivyo. Lakini mtoto si ndama, ana shingo laini, humwinui kwa miguu. Na kidole usitie kooni kama kitu hukioni, maana kidole kinasukuma. Nilipovuka kile kiambaza mama mkwe alikuwa amempakata mtoto, kidole chake kimo kinywani hadi kiungo cha pili, na midomo ya mtoto imekuwa kama zambarau.

Nikamtoa mapajani mwake. Mikono yangu iligusa magoti yake, jambo ambalo kwetu halitamkiki. Nikapiga goti, nikamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wangu, mkono juu ya paja, taya lake nimelishika kwa vidole, kichwa kimeshuka kuliko matako. Nikampiga kwa kisigino cha kiganja, katikati ya mabega. Pigo la kwanza na la pili sikuona kitu. La tatu pia. La nne kahawa ikadondoka kwenye nyasi, nzima, imelowa. Pumzi ikaingia ikikwaruza, halafu akalia. Sijapata kusikia kilio kizuri kama kile.

Baba mkwe aliingia, akaiokota ile kahawa, akaigeuza kiganjani. "Hii nani aliiacha chini?"

Mshenga alikuwa amesimama nyuma yake, ananitikisia kichwa, nisiseme. Hakuna aliyeniona nikiiangusha. Ningeweza kurudi Kanazi na mke wangu siku ileile, shujaa. Lakini nilikuwa nimemshika yule mtoto, na moyo wake ulikuwa unapiga juu ya kiganja changu.

"Ni mimi, baba. Ilidondoka, nikaona aibu kuinama."

"Imekwisha," mshenga akasema taratibu. "Twende tukatafute lori."

Mama mkwe alikuwa amejifunika kitambaa kichwani, amegeukia ukutani. Ndipo akasema nami, mara ya kwanza tangu nioe.

"Mkwe. Ulijuaje kabla hatujakuita?"

"Alikohoa, kisha akanyamaza. Mtoto anayelia ana pumzi, mama. Nilisubiri alie, hakulia."

Akauliza, "Na moto wa kwako bado uko vilevile?"

"Uko."

"Basi nenda ukaujengee ua. Mwezi ukiandama nitakuja kuuona mwenyewe."

"Wewe?" baba mkwe akasema. "Uende kwa mkwe wako?"

"Ameshaniona. Kimebaki nini cha kuonwa?"

Tukarudi wawili, mimi na mshenga. Nikakata fito ngumu, nikazisimika kuzunguka mafiga, mbali na ndimi za moto, kimo cha mtoto aliyesimama na zaidi. Nafasi kati ya fito nilizipima kwa kibuyu kilekile cha rubisi, ambacho jirani alikisahau kwangu, maana kilikuwa sawa na kichwa cha mwanangu. Kikipita, naongeza fito. Lango nikalifunga kwa juu. Na nikajiwekea sheria: chungu kikiepuliwa kinakaa ndani ya ua, hakitoki mpaka kipoe. Jirani yangu alikuja kucheka.

"Unafuga moto siku hizi?"

"Naufuga. Wako unatembea ovyo."

Aliondoka anacheka, lakini kabla ya mavuno alikuja kuniazima kibuyu chake mwenyewe, naye apimie fito.

Mwezi ukaandama. Walikuja mchana, mke wangu mbele na mtoto, mama mkwe nyuma, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye macho. Mimi nikatoka nikasimama migombani nyuma ya nyumba, kama inavyotakiwa, nikachungulia ukutani kwa tundu ambalo panya walinitobolea. Mama mkwe alishika ua kwa mikono miwili akautikisa kama mtu anayetaka kuung'oa. Akajaribu lango. Akainama akapapasa nyasi zote za chini kwa kiganja, taratibu, pembe hadi pembe, bila aibu yoyote. Kisha akamwambia mke wangu amweke mtoto chini.

Mtoto akatambaa moja kwa moja hadi kwenye fito, akajivuta akasimama, akauona moto, akatia mkono wenye kovu katikati ya fito mbili. Mkono ulipita, moto ulikuwa mbali, na kichwa hakikupita. Akakasirika, akalia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mke wangu akasogea amchukue.

"Mwache," mama mkwe akasema, na sauti aliielekeza migombani, kwangu. "Anayelia ana pumzi."

Akaweka mzigo wa nguo za mke wangu juu ya kitanda, akaenda zake.