Boti ya Kukamulia Rubisi

Mzungu wa kahawa alipoondoka Bukoba, miezi michache baada ya Uhuru, alimwachia baba yangu boti. Baba alikuwa amemlindia nyumba yake ya ziwani miaka mingi, na nadhani mzungu yule aliona aibu kumwachia masufuria tu. Ilikuwa boti nyeupe ya faibaglasi, ya kwenda kasi, yenye viti vinne na injini ya kufunga nyuma ambayo haikuwa ikiwaka. Ililetwa kijijini kwetu Kaagya juu ya lori la kahawa, ikalala mgombani miaka kadhaa, mpaka siku baba alipoamua kuikamulia rubisi.

Asiyetoka kwetu atacheka, lakini uamuzi ule haukuwa wa kijinga. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, hukamuliwa ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Wanaume huingia humo wakakanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke, kisha hutiwa mtama, hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa yachachuke. Gogo huoza, boti haiozi, na ilikuwa kubwa kuliko gogo lolote la Kaagya. Baba aling'oa viti, akaziba matundu ya skrubu kwa nta, na watu wakaja kutoka mbali kuonja pombe ya boti.

Balaa lilianza na mkamuo wa kwanza. Baba aliweka alama ya mkaa ubavuni jioni, na asubuhi pombe ilikuwa imeshuka chini ya alama kwa kadiri ya debe zima na ushei. Mkamuo wa pili ikawa hivyo hivyo. Wa tatu ulipopungua vile vile, akaniita. Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto wa kiume pekee aliyebaki nyumbani, na nililala chumba cha nje, hatua chache kutoka kwenye boti. Akaniuliza mbele ya mama kama nimeigusa pombe yake. Nikanyoosha mkono kwenye msalaba uliokuwa ukutani, nikaapa sijagusa hata tone. Baba akasema hawezi kulala boma moja na mwizi anayemfanya Yesu shahidi wake.

Niliondoka asubuhi ile ile. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sikugeuka hata mama aliponiita. Kibaya zaidi, nilipoondoka pombe ikaacha kupungua. Mama ndiye aliyeniletea habari hizo alipokuja sokoni mjini, akazisema huku macho yake yakiwa kwenye kikapu. Nilielewa kwamba hata yeye sasa alikuwa na wasiwasi nami.

Hamugembe, mtaa wa mjini Bukoba, nilipata kazi kwa fundi mmoja mzee, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Alitengeneza mashine za kukoboa kahawa, pikipiki, na chochote kinachokunywa petroli. Nikakaa kwake miaka mitatu bila kukanyaga Kaagya. Azimio lilikuwa limetangazwa, vijiji vya ujamaa vikawa vinaanzishwa, na siku moja wazee wa kijiji kimoja cha ufukweni, huko Muleba, walikuja kumwuliza fundi kama anaweza kuwapatia boti ya kuwavusha wagonjwa wa visiwani.

Fundi akanigeukia. "Si ulisema kwenu kuna boti?"

Nikaenda. Baba alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kwa heshima zote za mgeni. Mtoto wa nyumbani hapewi hivyo, hutumwa kuileta. Iliniuma kuliko kama angenitukana. Nilipomweleza shida ya wale wazee hakubisha.

"Ichukueni," akasema. "Imeshaniaibisha vya kutosha."

Wanaume kumi na wawili walihangaika kuipandisha kwenye lori. Nikajiambia faibaglasi ya zamani ni nzito tu, na huo ujinga wangu ulitugharimu miezi miwili ya kazi.

Tuliikwangua ndani na nje kwa msasa mpaka tukawa weupe kama wasaga unga. Nyufa za ubavuni tulizibandika vitambaa vya nyuzi za kioo na kuvipaka gundi yake, iliyokuja kwa meli kutoka Mwanza na iliyokauka haraka kuliko mikono yangu ilivyozoea. Sakafu ya mbao tuliipiga rangi tu, kwa sababu ilionekana nzima, na matundu ya viti yalikuwa yameshaziba kwa makapi makavu ya ndizi. Injini aliichukua fundi mwenyewe. Aliisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akachonga mpira wa pampu ya maji kutoka kwenye tairi la lori, kisha tukaitumbukiza kwenye pipa la maji na kuvuta kamba. Ilikohoa siku tatu. Siku ya nne ikawaka, na kuku wa Hamugembe nzima wakatawanyika.

Lakini tulipoishusha boti ziwani, nyuma ilididimia mpaka maji yakakaribia kuingia. Tukaivuta nchi kavu kwa aibu na kuirudisha karakanani. Fundi akagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi.

"Chini ya hizi mbao pana uwazi," akasema. "Palitakiwa palie kama ngoma. Hapa pameshiba."

Akachukua keekee akatoboa tundu chini ya boti, upande wa nyuma. Kikatoka kitu cha rangi ya kutu, chenye harufu kali ya siki na ndizi. Fundi, mtu wa swala tano, akarudi nyuma hatua tatu. Mimi niliinama nikanusa: ilikuwa rubisi. Miguu ya wakanyagaji ilikuwa imeing'oa nta ya baba, na pombe ikapenya kwenye matundu ya viti mikamuo mitatu, mpaka uwazi ukajaa. Ulipojaa, pombe haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Na hapo hapo ndipo nami nilipoondoka.

Nikaziba tundu kwa kijiti, nikapanda basi la Kaagya. Nilimwambia baba kuna kitu akaone. Hakuuliza ni nini. Alivaa koti lake la kanisani tukaondoka.

Karakanani nikachomoa kijiti mbele yake. Debe la kwanza likajaa, likafuata la pili. Baba akachovya kidole, akaonja, akatema. Kisha akavua kofia na kumgeukia fundi.

"Nilimfukuza mwanangu," akasema, "kumbe mwizi ni boti."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka mitatu, na ningeweza kuyapokea nikanyamaza. Nilishindwa.

"Taata," nikasema, "kibuyu kimoja nilichukua. Ule mkamuo wa kwanza. Kimoja tu."

Fundi aliacha kufuta mikono yake. Baba hakushtuka.

"Najua, mwana wange. Nilikuwa nimesimama mgombani, nikakuona. Ungekitaja hicho kimoja siku ile, ningekuamini kwa mengine yote."

Niliinama nikaweka debe lingine, maana la tatu lilikuwa limeanza kufurika.