Nyuzi Laini za Besi Dogo

Marehemu mume wangu, fundi wa magitaa, hakuwahi kufunga mpira wa baiskeli kwenye chombo cha muziki cha mtu yeyote. Naandika haya kwa sababu kinyozi wa mtaani kwetu amewachekesha wateja wake miaka sita kwa hadithi hiyo, hata marehemu akabandikwa jina la Fundi Mpira, na wanangu wakaitwa hivyo shuleni.

Ilikuwa hivi. Kinyozi huyo, ambaye pia hupiga muziki kwenye sherehe, alileta besi lake dogo, gitaa la sauti nzito lenye umbo la ukulele, yaani kigitaa cha kupakata. Alitaka lifungwe nyuzi za chuma za gitaa la besi la kawaida. Mume wangu alikataa. Kwa shingo fupi namna ile zingelegea na kuigonga. Zikikazwa zaidi, zingeng'oa daraja linalozishikilia, lililogundishwa kwenye ubao mwembamba. Akachagua nyuzi nene, laini, za chombo cha aina hiyo hasa. Akapanua kwa tupa mifereji ya juu ya shingo ili kila uzi upite bila kubanwa, kisha akapunguza mfupa wa darajani, zinapoegemea nyuzi, kidogo kidogo mpaka nyuzi zikabonyezeka bila kuumiza kidole.

Kinyozi akaubonyeza uzi mmoja, akacheka. "Shemeji, njoo uone! Mumeo ananifungia mpira wa baiskeli."

"Ukipata pancha utarudi," mume wangu akamjibu bila kuinua macho. "Lakini sikia. Nyuzi hizi huvutika na kulegea siku za mwanzo. Liache mpaka Jumamosi, niwe nazikaza asubuhi na jioni."

"Nina harusi Alhamisi, fundi."

"Basi azima lingine."

Kinyozi hakusikia la mtu. Jumatano akalichukua. Harusini, katikati ya wimbo, sauti ikashuka, naye akasema kwenye kipaza sauti, "Msinilaumu jamani, fundi kanifungia mpira!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waliozoea kutuletea magitaa yao wakaanza kuupita mlango wetu kama hawaujui.

Nyuzi zenyewe zilitulia wiki ileile, wala kinyozi hakuzibadilisha. Mwezi uliopita, mmoja ulipochakaa, alikuja kuniuliza ni za aina gani, maana hataki nyingine. Pakiti ya nyuzi hizo ninayo, pamoja na vipimo alivyoandika marehemu kwa mkono wake.

"Nitakupa," nikamwambia. "Kwanza uwaambie ukweli hao unaowachekesha."

"Aa, shemeji, mambo ya zamani hayo."

"Watoto wa marehemu wanaitwa Fundi Mpira leo, si zamani."

Jumamosi iliyofuata kinyozi alizima mashine ya kunyolea, mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa, akasema mbele ya watu sita: "Fundi alinikataza kulichukua. Kosa lilikuwa langu." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikampa pakiti yake.

Baadaye alinifuata nyumbani kuniomba radhi. Maneno aliyotumia, na niliyomjibu, majirani mnayauliza kila siku. Hayawahusu. Sisemi zaidi.